Mtembezaji wa Mji Mkongwe

SWALI: Shikamoo Bi Mkubwa. Nawapeleka wazazi Unguja, na mama ana magoti mabovu. Tukodi mtembezaji wetu wenyewe Mji Mkongwe, au tujiunge na kundi?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Kodini wenu, kwa ajili ya magoti hayo hayo. Kundi halimsubiri mtu; mtembezaji wenu atasimama kila penye baraza ya kukalia mbele ya nyumba, na baraza huko hazikosekani. Bandarini mtapokewa na papasi, wale wanaowang'ang'ania wageni, wakarimu kupita kiasi! Ombeni kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii, mpatane bei, muda na nani analipa viingilio kabla ya kunyanyua mguu.

Mimi humpima mtembezaji kwa swali moja: soko la watumwa lilifungwa lini? Akijibu 1873, enzi ya Sayyid Barghash, na akajua kuwa kanisa la Kianglikana la Mkunazini limejengwa palepale, mchukueni. Anayekimbilia kwanza maduka ya vinyago anatafuta kamisheni yake tu. Mwambieni awapitishe mitaa ya Kiponda na Hurumzi, awaeleze milango ya nakshi. Baba atapenda.

Anzeni saa mbili asubuhi, jua halijachachamaa. Mama avae viatu bapa.