Klorini ipo kwenye kipimo, maji yanageuka kijani: tatizo liko wapi?

Mkuu, unasema kwenye bwawa lako la kuogelea vidonge vya klorini unaweka kwenye skima (mdomo unaovuta maji ya juu) kila wiki, matone ya kupimia yanageuka njano kwamba klorini ipo, 2 mg/L (miligramu kwa lita), na bado maji yanaingia ukijani. Anza na hicho kipimo. Matone ya njano yanahesabu klorini yote, pamoja na ile iliyokwisha kushikana na jasho na mkojo, ambayo kwa mwani, ndio huo ukijani, haina makali. (Harufu inayowasha macho ni ya hiyo. Bwawa lililokaa sawa halinuki sana.) Tafuta kipimo cha DPD, dawa inayogeuka waridi ikikuta klorini. Kidonge chake namba 1 kinaonyesha klorini huru, yaani ile yenye makali bado, namba 3 juu yake kinaonyesha jumla. Tofauti ikipita 0.5 mg/L, inatakiwa dozi kubwa ya klorini.

Chota kina cha kiwiko, mbali na matundu ya kurudishia maji, na usome papo hapo. Rangi ya waridi ikitokea kisha ikafutika, klorini imezidi mpaka imeunguza dawa ya kipimo; wengi hapo huongeza tena!

Ila mimi nashuku vidonge. Triklori, klorini ya vidonge hivyo, huacha asidi ya sayanuriki, ile inayokinga klorini isiliwe na jua. Chujio haliikamati, kwa hiyo inarundikana. Kati ya 30 na 50 mg/L ni sawa. Klorini huru inatakiwa kuwa kama 7.5% yake, hivyo asidi ikifika 100 unahitaji 7.5 mg/L, na hiyo 2 yako haifui dafu. Kuipima, changanya maji na dawa yake, mimina taratibu kwenye mrija hadi doti jeusi la chini lipotee. Likipotea mapema, imejaa.

Kuipunguza ni kumwaga maji: nusu bwawa, nusu asidi. Masika usilikaushe lote, maji ya ardhini huweza kulinyanyua.

Kisha hamia unga wa klorini wa 65%. Bwawa la mita 8 kwa 4, kina cha wastani 1.5, lina lita 48,000. Gramu 74 zinapandisha 1 mg/L. Weka pH (kipimo cha uchachu wa maji) kwanza 7.2 hadi 7.6. Kwenye ndoo maji yatangulie, unga ufuate. Mwaga jua likizama, pampu ikizunguka. Pima usiku huo, upime tena alfajiri: klorini ikishuka zaidi ya 1 mg/L, mwani bado unaila. Sugua kuta, rudia.

Unga na vidonge visikutane kabisa, hata kwa kuchotea kopo moja. Vinawaka moto.