Khanga mbele ya kioo cha runinga

SWALI: Ndugu Mhariri, hapa Majengo, Moshi, tuna kibanda umiza ambacho mwenyewe, kila wahusika wa filamu wanapotaka kubusiana, huinuka na kuziba kioo cha runinga kwa khanga mpaka tukio lipite. Mzee mmoja wa kanisa amemsifu, akaongeza kwamba hata filamu za Marekani zamani zilipitiwa na mapadri kabla ya kurekodiwa. Je, ni kweli? Na hapa nchini kiongozi wa dini anaweza kuzuia filamu? – Msomaji, Moshi

JIBU: Mzee wenu ameukaribia ukweli, ila amewapa mapadri kazi iliyofanywa na mlei. Kanuni za maadili ambazo kampuni za Hollywood zilizikubali mwaka 1930 ziliandikwa na padri Mjesuiti, Daniel Lord, pamoja na Mkatoliki mwenzake, Martin Quigley, mchapishaji wa magazeti ya biashara ya sinema. Kwa miaka minne hivi kampuni hizo zilizichukulia kama karatasi tu. Kilichozishtua ni hofu ya viti vitupu: mwaka 1934 Wakatoliki walianza kuapa, kupitia chama kilichoitwa Legion of Decency, kwamba hawatatazama filamu chafu, na Kadinali Dougherty wa Philadelphia akawataka waumini wake wasikanyage ukumbi wowote wa sinema. Mwaka huohuo ofisi iliyoongozwa na Joseph Breen, naye mlei Mkatoliki, ikapewa meno, ikawa inasoma miswada kabla kamera haijawashwa, na kampuni mwanachama iliyotoa filamu bila cheti cha ofisi hiyo ilikabiliwa na faini ya dola 25,000. Kanuni zilikataza kudhihaki dini yoyote, na zilitaka kiongozi wa dini asifanywe kichekesho wala mwovu wa hadithi.

Hapo ndipo ninapoiona nafuu ya khanga ya Majengo. Ikipanda, ninyi mliolipa kiingilio mnajua kwamba kuna jambo mmenyimwa, na sina shaka wapo wanaopiga miluzi. Lakini tukio lililofutwa kwenye mswada halikuacha hata pengo, na mtazamaji alirudi nyumbani akiamini kwamba hadithi ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Tena mkono huo haukuwa wa serikali ya Marekani, bali wa wafanyabiashara waliowaogopa waumini. Mwaka 1952, katika shauri la filamu ya Kiitaliano iliyozuiwa New York, Mahakama ya Juu iliamua kwamba jimbo haliwezi kuinyima filamu kibali kwa hoja ya kukufuru, na mwaka 1968 kanuni zenyewe ziliachwa, yakaja madaraja ya umri.

Kwetu, Tanzania Bara, kibali hutolewa na Bodi ya Filamu, chini ya sheria ya mwaka 1976 ya filamu na michezo ya kuigiza. Sheikh au mchungaji anaweza kuilalamikia bodi, au kuwaasa waumini wake wasiende, lakini hana mamlaka ya kufunga kibanda. Mwenye kibanda naye yuko huru kuziba kioo chake. Ila kama filamu imepewa daraja la watu wazima na watoto wamejaa benchi la mbele, khanga haimwondolei wajibu wa kuwatoa nje.