Swali Ninalomwuliza Mgeni Kabla ya Kumkubali

Nyumba ninayokodisha kwa siku chache chache ipo Nyali, Mombasa, na kwa muda mrefu masharti yake yalikuwa karatasi tu iliyobandikwa kwenye friji, yenye mambo kumi na saba ambayo sikuwahi kumwuliza mgeni yeyote kama ameyasoma. Kisha Jumamosi moja ya Desemba mgeni aliyelipia watu wawili akaingia na wenzake kumi na mmoja, wakapandisha jiko la mkaa hadi roshani ya ghorofa ya tatu. Duara jeusi la jiko hilo liko kwenye vigae hadi leo, na jirani wa chini alikaa wiki tatu bila kuniitikia salamu.

Tangu hapo masharti yamebaki matano, nayo mgeni huyaona kabla ya kulipa. Nimezima pia mpangilio unaoruhusu mtu kujikatia nafasi papo hapo, ili kila ombi lipitie kwangu. Airbnb wenyewe, mtandao ninaokodishia nyumba hii, waliifanya marufuku yao ya sherehe kuwa ya kudumu mwaka 2022, lakini usiku wa manane kinachomsaidia mlinzi wa lango ni orodha ya majina niliyomwachia mchana.

Kila anayeomba namwandikia hivi: "Karibu sana. Tafadhali nijulishe watakaolala ni kina nani, mtafika saa ngapi, na kama mmekubali kwamba baada ya saa nne usiku hakuna muziki wala wageni wa nje." Mwenye safari ya kweli hutaja majina, kisha huuliza kama lifti inafanya kazi. Anayejibu "sawa" peke yake namwuliza tena. Anayetaka tulipane pembeni, nje ya programu, namkatalia, kwa kuwa likitokea la kutokea sitakuwa na pa kudai.

Swali ni hilo hilo kwa wote. Nakiri kwamba zamani niliwakataa vijana wa hapa hapa mjini kwa dhana tu, ilhali walioiacha nyumba safi kuliko wote walikuwa wanafunzi wawili wa Mombasa. Vitambulisho navitazama mlangoni bila kuvipiga picha, maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inambana anayehifadhi taarifa za watu.

Kila sharti nalo nimeliwekea sababu yake. Palipoandikwa "usipoteze maji", sasa mgeni anasoma kwamba maji yetu huletwa na boza, na tangi likikauka Jumapili atasubiri hadi Jumatatu.