Kifungua kinywa saa ngapi? Majibu kwa wenye nyumba za wageni Moshi

SWALI: Anti habari za kazi. Mimi na mume wangu tuna nyumba ya wageni Rau hapa Moshi, vyumba sita, tulianza baada ya watoto kuhama. Bei yetu ni kulala pamoja na kifungua kinywa. Tuliandika ukutani chai ni saa mbili mpaka saa nne asubuhi, sasa imekuwa shida. Wanaopanda mlima gari linawafuata saa mbili kamili wanaondoka wameshika andazi mkononi, wengine wanaamka saa nne na nusu wanamkuta dada wa jikoni anaosha vyombo, na mmoja kaandika mtandaoni kwamba alilipia chai akanyimwa, imetuumiza sana. Mume wangu anasema basi tuandae kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa sita mchana kila mtu ale akitaka. Dada wa jikoni ni mmoja tu na anatokea Pasua kwa bodaboda. Tuweke saa ngapi?
Mama wa Rau

JIBU: Pole sana mama, riviu ya hivyo inauma kwa sababu chakula mlikuwa nacho, ni saa tu ndo zilikosewa. Na hilo wazo la mzee wako naomba nilikatae mapema. Saa kumi na moja mpaka saa sita ni masaa saba mtu kasimama jikoni kwa ajili ya wageni kumi na wawili mkijaa, na hapo hajaosha vyombo wala hajaandaa vitu vya kesho. Hamtakaa naye muda mrefu huyo dada.

Asubuhi ya Moshi ina mambo yake mama, usiige karatasi ya hoteli ya Zanzibar ambako mgeni anaamka anashuka ufukweni. Hapa mgeni wako anatembea kwa saa ya dereva. Anayeanzia mlima geti la Machame au Marangu gari linamfuata saa mbili au mbili na nusu kwa sababu mpaka getini ni kama saa nzima, halafu kuna kujiandikisha, kuna mizigo ya wapagazi kupimwa kwenye mzani, dereva hawezi kungoja mayai yaive. Anayepanda kwa njia ya Lemosho anatoka mapema zaidi, geti la Londorossi liko magharibi kabisa ya mlima na ni mwendo wa masaa. Wa Tarangire kwenda na kurudi siku hiyohiyo saa kumi na mbili yuko kwenye gari tayari, Arusha tu ni kilomita 80 na mbuga yenyewe iko mbele huko. Anayekwenda Materuni kuona maporomoko na kukaanga kahawa hana haraka sana, wa chemchemi ya Chemka kuogelea ndo hana haraka kabisa. Halafu wako wale vijana wanaojitolea mashuleni na hospitali, na ndugu zetu wanaokuja hospitali ya KCMC kuwahi kliniki, hawa wote saa moja wanataka wawe wanakula.

Halafu kuna aliyeshuka mlima jana. Huyu tumfikirie vizuri. Ameamshwa usiku wa manane kwenye baridi kali akapanda mpaka kileleni, mita 5,895, akateremka mchana huohuo, kesho yake akatokea geti la Mweka magoti yanauma, kaja kwako kaoga maji ya moto na kulala kwenye kitanda baada ya karibu wiki nzima ya hema. Mtu huyo ukimtarajia mezani saa tatu unamwonea. Akiamka saa nne na nusu ana njaa ambayo hajawahi kuisikia maishani, na akikuta jikoni kumefungwa ataandika kama alivyoandika huyo wako, mi wala simlaumu.

Kwahiyo ningekuwa wewe ningeweka chakula cha moto saa moja mpaka saa tatu na nusu. Masaa mawili na nusu yanatosha kabisa kwa vyumba sita. Saa moja kwa sababu mwenye gari la saa mbili anapata muda wa kula akiwa amekaa chini, na pia kwa sababu ya mlima wenyewe. Wewe ni mwenyeji unajua, asubuhi mapema kilele cha Kibo kiko wazi cheupe juu huko, jua likishapanda mawingu yanaufunika na mgeni aliyetoka mbali anaondoka hajauona. Kama una kibaraza au paa linaloelekea mlimani peleka meza mbili huko, na mgeni akifika jioni mwambie kabisa kwamba akitaka kuuona mlima anywe chai saa moja. Utashangaa wanavyoamka wenyewe bila kugongewa mlango.

Kwa anayekula kabla ya saa moja usimsumbue mpishi. Weka meza ya alfajiri, chupa mbili za chai, moja maji ya moto moja kahawa, mkate, ndizi mbivu, siagi na asali, chungwa limeoshwa, vikombe. Hii hata mlinzi wa usiku anaweza kuiandaa akionyeshwa mara moja, au mzee mwenyewe kama kweli ni mtu wa kuamka mapema. Na tafadhali mama hiyo kahawa iwe ya huku, Kibosho, Uru, Machame, arabika ya mlimani iliyokaangwa vizuri, inanisikitisha sana mtu anatoka Ujerumani anafika chini ya Kilimanjaro anapewa kahawa ya unga ya kopo. Anayeondoka kabla hata ya hapo mfungie boksi: mayai mawili ya kuchemsha, mkate, ndizi, juisi ndogo. Mayai yakichemshwa usiku yakae kwenye friji, yasilale mezani.

Hapo kwenye kulala mezani nisimame kidogo, kwa sababu wazo la kuweka chakula mpaka saa sita lina hatari hata ukiwa na wapishi watano. Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya masaa mawili, cha moto kibaki juu ya nyuzi 60 na cha baridi chini ya nyuzi 5. Omleti ya saa kumi na mbili kwenye hotipoti ikifika saa tano sio chakula tena cha kumpa mtu anayekwenda kulala porini siku saba mbali na choo cha maana. Kwa wageni wachache kama wako bafe haina faida, utamwaga vitu kila siku. Kaanga yai mtu akikaa. Mtori, ile supu ya ndizi na nyama, unaweza kukaa jikoni kwenye moto mdogo, uji pia, papai na parachichi yakatwe kidogokidogo kadri watu wanavyokuja.

Sasa utajuaje nani anakuja saa ngapi? Uliza usiku. Hili ndo jambo kubwa kuliko yote niliyoandika hapa na halina gharama. Kila jioni kabla ya saa mbili usiku pita kwa kila mgeni au mtumie wasap, andika kwenye daftari chumba, saa, mayai ya aina gani, kitu asichokula. Ila usimuulize "utakula saa ngapi", maana atakutajia saa anayotaka kuamka akiwa bado hajaongea na dereva. Muulize gari linakufuata saa ngapi, ukishajua rudisha nyuma lisaa limoja, hapo ndo anakula. Kama haujui na yeye hajui pigia kampuni yake ya utalii, watakwambia. Na kwenye karatasi ya wageni andika 7:00 – 9:30 kwa tarakimu za kizungu, daftari la jikoni liwe saa moja mpaka tatu na nusu, maana wapo wageni waliosikia "saa mbili" wakaelewa nane mchana na safari ikaharibika.

Wa baada ya saa tatu na nusu usimfungie mlango. Aliyeshuka mlima ukimpokea tu jana yake mwambie, kesho lala, ukiamka kabla ya saa tano kuna sahani yako. Sahani ya hivyo haihitaji mpishi kurudi jikoni rasmi, ni matunda, mkate, chai ya tangawizi na mayai mawili ambayo hata wewe unakaanga kwa dakika tano. Wengine wote wajue moto unazimwa saa tatu na nusu. Ukiandika hivi kwenye ukurasa wako wa buking, na ukirudia mdomoni siku anayofika, malalamiko mengi yataisha kwa sababu wageni wengi hawana shida na saa, wana shida ya kushtukizwa.

Nirudi kwa dada wa jikoni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inahesabu usiku kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, na kila saa ya kazi iliyoangukia humo analipwa nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wake wa msingi. Kwa wiki masaa ya kawaida yasizidi 45, kwa siku yasizidi 9, na siku za kazi zisizidi sita, kwahiyo ile siku ya saba lazima upange nani anashika jikoni. Ukianza chakula cha moto saa moja, yeye akifika saa kumi na mbili kumeshaanza kupambazuka. Huko kumtoa Pasua saa kumi usiku peke yake kwenye boda mi sikubaliani nako hata kwa nyongeza. Siku mna kundi la alfajiri mpe chumba alale hapohapo, na mchana atoke mapema. Unga wa maandazi ukandwe jioni, vyombo vipangwe jioni, asubuhi iwe ni kuwasha gesi tu. Mtungi wa akiba uwepo, umeme ukikatika saa kumi na mbili na jiko lako ni la umeme utafanyaje?

Saa hizi zisiwe za mwaka mzima pia. Aprili na Mei mvua ndefu wapandaji wanapungua, unaweza kuanza saa moja na nusu ukamwacha mtu apumzike. Desemba Wachagga wanarudi nyumbani, nyumba inajaa ndugu na wageni wa harusi, hawa hawataki mkate na jemu, wanataka mtori na chapati tena saa tatu baada ya mazungumzo ya usiku kucha, hapo sogeza mwisho mpaka saa nne na nusu kwa wiki hizo.

SWALI: Wageni wangu wa Kilimanjaro Marathon wameomba chai saa kumi alfajiri wote nane. Ni lazima?
Kaka wa Shanty Town

JIBU: Kaka wape, hawakuonei. Mbio za kilomita 42 zinaanza saa kumi na mbili na nusu pale Chuo Kikuu cha Ushirika, nusu marathon saa moja, na mkimbiaji anataka awe amekula masaa mawili au matatu kabla ya kukimbia. Hataki mafuta wala kitu kipya tumboni. Ndizi, mkate mkavu na asali, uji mwepesi, chai, basi, usihangaike na soseji. Hiyo ni Jumapili moja kwa mwaka, panga watu wawili jikoni na uwalipe ya usiku, halafu usizime moto saa tatu na nusu siku hiyo maana wanarudi kuanzia saa nne wakiwa na njaa kweli, hapo ndo mayai na mtori vinaliwa, na wengi watakuwa wanakaa usiku mwingine kwa hiyo wape na saa ya kutoka chumbani ya baadaye kidogo kama huna mgeni anayeingia.