Barometa inashuka kila alasiri: je, wiki ya mwanzo wa mvua Sikonge hutabirika?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Sikonge, mkoani Tabora. Kila wiki huwaandikia wakulima jirani zangu matarajio ya hali ya hewa, kwa njia niliyojifunza katika maandishi ya watabiri wasio wa kitaaluma wa Uingereza, ambao katika majira yao ya mapukutiko hufuatilia barometa, yaani chombo cha kupimia mgandamizo wa hewa. Wiki ya mwisho ya Oktoba barometa yangu ilishuka kila alasiri, na programu ya simu ilionyesha wingu la radi siku zote 7, nikaandika kwamba mvua itanyesha kila siku. Ilinyesha Jumanne peke yake, milimita 22, na kijiji cha jirani hakikupata hata tone. Baadhi ya watu walikwisha kupanda mahindi. Nilikosea wapi, na wiki ya namna hii huandikwaje?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Nianze na barometa, maana ndiyo iliyokupotosha kwanza, ingawa chombo chenyewe ni kizima. Uingereza imekaa katika njia ya mifumo ya mgandamizo mdogo wa hewa inayosafiri kutoka Bahari ya Atlantiki kuelekea mashariki. Mfumo mmoja huweza kuwa na upana wa zaidi ya kilomita 1,000, na unapokaribia, mgandamizo huweza kushuka kwa hektopaskali (kizio cha mgandamizo wa hewa) 20 au zaidi katika siku moja. Kwa hiyo mtu wa huko anayeona barometa ikishuka mwezi Oktoba anaona kitu halisi kinachomjia, ambacho mara nyingi kimeonekana kwenye ramani siku kadhaa kabla.

Mji wa Sikonge uko kati ya nyuzi 5 na 6 kusini mwa Ikweta, na mifumo ya namna hiyo haifiki huko. Unachokiona kila alasiri ni kujaa na kupwa kwa angahewa yenyewe kunakotokana na joto la jua: mgandamizo hufika kilele mnamo saa 4 asubuhi, hushuka hadi mnamo saa 10 alasiri, hupanda tena hadi saa 4 usiku, kisha hushuka kuelekea alfajiri. Mwendo huo hutokea Julai kwenye vumbi na Januari kwenye tope, mvua iwepo au isiwepo. Ukitaka kuendelea kuitumia barometa, linganisha saa 4 asubuhi ya leo na saa 4 asubuhi ya jana, wala usilinganishe asubuhi na alasiri. Hata hivyo tofauti utakayoipata itakuwa ndogo, na mimi nisingeiwekea tegemeo la kilimo.

Mvua ya Tabora huja kwa njia nyingine. Jua hupita utosini mwa Tabora mwanzoni mwa Oktoba likielekea kusini, na ukanda wa mvua hulifuata ukiwa nyuma yake kwa wiki kadhaa, ndiyo sababu msimu wenu huhesabiwa kuanzia Novemba hadi Aprili. Wakati huo hewa yenye unyevu kutoka misitu ya Kongo husogea mashariki na kukutana na pepo za mashariki. Hewa hiyo haiji ikatulia mara moja. Huingia siku mbili tatu, ikarudi nyuma, kisha ikaja tena. Wiki uliyoiandikia ilikuwa katika kuvutana huko. Unyevu ukiwapo, joto la mchana huinua mawingu ya ngurumo, lakini wingu moja la aina hiyo huwa na upana wa kilomita chache tu, na huzaliwa, kunyesha na kufa katika muda wa saa 1 hivi. Kompyuta zinazolisha programu ya simu yako huigawa nchi katika miraba ambayo mara nyingi upande wake ni kilomita 10 au zaidi, kwa hiyo haziwezi kusema siku 5 kabla kwamba wingu litasimama juu ya kijiji chako na si juu ya jirani. Picha ya radi kwa siku 7 ilimaanisha kwamba mazingira ya radi yatakuwapo katika eneo lenu, na kwa maana hiyo haikusema uongo. Neno lililozidi ni lako la "kila siku".

(Ukipata taarifa kutoka Kigoma mjini, usizihamishie Sikonge kama zilivyo. Usiku hewa baridi hushuka kutoka milima ya pande zote mbili za Ziwa Tanganyika, hukutana juu ya maji yenye joto na kupanda, hivyo wavuvi wa dagaa huweza kupigwa na ngurumo usiku wa manane au alfajiri, saa ambazo kwenu mara nyingi anga huwa limetulia.)

Badala ya barometa, ninakushauri utumie vipimajoto 2 vya kawaida, kimoja kikiwa kikavu na kingine kikiwa kimefungwa kitambaa cha pamba chenye maji kwenye tumbo lake, vyote kivulini penye upepo. Tofauti kati yao ikiwa kubwa, hewa ni kavu. Ikipungua siku 3 au 4 mfululizo kwa saa ile ile, unyevu umeingia kweli. Pima mvua saa 3 asubuhi, kama vituo vya hali ya hewa vinavyofanya.

Sasa suala la kupanda, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote, kwa sababu mbegu iliyonunuliwa kwa shida hairudi dukani. Milimita 22 ni nyingi kwa macho: juu ya ekari moja ni takriban lita 89,000. Lakini jua la Oktoba huweza kukausha milimita 5 au zaidi kwa siku, na udongo wa juu uliolowa Jumanne huwa mkavu kabla ya wiki kwisha. Ndiyo maana kipimo kinachotumika sana cha mwanzo wa msimu huwa na sehemu 2: angalau milimita 20 ndani ya siku chache, na kisha kutokuwapo kwa ukavu mrefu, kwa mfano wa siku 10, katika wiki 3 au 4 zinazofuata. Sehemu ya pili haiwezi kuonekana kwenye utabiri wa wiki moja, na mkulima aambiwe hivyo waziwazi.

Kwa hiyo wiki ile ingeandikwa hivi: "Tunatarajia mvua za ngurumo katika maeneo machache, hasa alasiri na jioni. Kuna siku zitakazopita bila mvua, na kijiji kimoja kinaweza kupata mvua kubwa huku cha jirani kikikosa. Hakuna dalili bado kwamba mvua za kupandia zimeanza." Maneno "maeneo machache", "baadhi ya maeneo" na "maeneo mengi" umewahi kuyasikia katika taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, nayo husema mvua itasambaa kiasi gani, yatumie kwa maana hiyo hiyo. Angalizo na tahadhari za hali mbaya ya hewa usizitunge mwenyewe, zisambaze kama Mamlaka ilivyozitoa. Na kwa wale waliokwisha kupanda, wafukue mashimo machache sasa hivi: mbegu ambayo haijavimba bado inaweza kusubiri, lakini iliyokwisha kuchipua na kukauka itahitaji kurudiwa, na ni afadhali waweke akiba ya mbegu hiyo mapema.