Ukitaka ukutubi wa sheria, anza na swali la mtu

Nimetumia sehemu kubwa ya utu uzima wangu kwenye maktaba ya sheria ya chuo kikuu, na kila nikirudi nyumbani Malindi huulizwa mkutubi wa nini siku hizi, na kila kitu kimo kwenye simu. Swali lina haki yake. Hukumu za mahakama zetu ziko bure kwenye tovuti ya Kenya Law, na sheria zenyewe pia. Wakili aliye Lamu hana haja tena ya kumtuma karani Mombasa akapekue majalada ya ripoti. Basi vijana wanaoniandikia kutaka kujua kama kazi hii ina maisha mbele yake, nawajibu hivi: kuipata hukumu ni upande mwepesi. Upande mzito ni kujua kama hukumu hiyo ingali hai.

Tuchukue kesi ya hapa hapa. Mwaka 2016 Chama cha Mawakili cha Malindi kilikwenda Mahakama Kuu kupinga, pamoja na mambo mengine, vifungu vilivyowapa mahakimu uwezo wa kusikiliza kesi za ardhi. Kikashinda. Ukiisoma hukumu ile peke yake, ndefu na yenye hoja nzito, utaamini mambo yamekwisha. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ikaipindua sehemu hiyo, na mahakimu wakabaki na kesi zao za ardhi. Sasa tafuta kwenye intaneti kwa pupa: zote mbili zinakuja, na ya 2016 haina bendera nyekundu usoni ya kukuonya. Mwanafunzi akiinukuu kwenye insha, atapoteza alama. Wakili akiinukuu mbele ya jaji, atapoteza zaidi ya hizo.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza hauhusu vitabu. Jifunze kuuliza. Mtu akija mezani hasemi shida yake, husema kile anachodhani ndiyo dawa yake. Nakumbuka kijana mmoja wa Shela, mwaka wa tatu wa sheria, alikuja akasema, "Madam, naomba Sura ya 300."

"Ya lini, mwanangu?"

Akanitazama kama niliyemtania. Kwani sheria ina "ya lini"?

Inayo. Sura ni nambari ambayo sheria hupewa katika mkusanyiko wa sheria za Kenya, na Sura ya 300 kwa miaka mingi ilikuwa Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa, ile ya zama za uhuru, na ilifutwa mwaka 2012. Kisha sheria za Kenya zilipopangwa upya katika toleo jipya, nambari 300 ikapewa Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, yaani ile ile iliyoiua ya kwanza. Na 280 ni hivyo hivyo: zamani ilikuwa Sheria ya Ardhi za Serikali, leo ni Sheria ya Ardhi. Kwa hiyo wakili akiandika "Sura ya 300" kwenye barua ya 1998 na mwingine akaandika hivyo hivyo mwaka jana, wanazungumzia vitu viwili. Nilipozidi kumuuliza kijana wangu, ikatoka kwamba anachokitafuta kinahusu shamba la ukoo, na hati iliyoko sandukuni kwa babu yake ilitolewa chini ya Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908, Sura ya 282, iliyotungwa mahsusi kwa ajili ya Pwani. Nayo pia ilifutwa 2012. Alikuja kuomba kitabu kimoja, akaondoka na kingine kabisa, pamoja na orodha ya hukumu za Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Lau ningempa alichoomba, angenishukuru na kwenda zake kupotea.

Kuna mpaka mmoja lakini, nao uujue mapema, hasa wewe uliyezaliwa mtaa ambao kila mtu ni shangazi yako. Mkutubi wa sheria hatoi fatwa. Nikiwa Lamu, mtaa wa Langoni, kwa dada yangu, hupita bi mkubwa fulani na karatasi kwenye mfuko wa plastiki: "Mwanangu, we ni wa sheria, niangalilie hili la mirathi." Namsomea karatasi inasema nini. Namwonyesha Ibara ya 170 ya Katiba, kwamba Kadhi husikiliza ndoa, talaka na mirathi pale wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda mbele yake. Kama karatasi ina tarehe ya mwisho, namtajia kwa sauti kubwa mara mbili. Hapo nakoma. Akiniuliza "Basi nitashinda?", namwelekeza kwa Kadhi au kwa wakili. Ananuna kidogo. Na anune. Siku utakayomwambia mtu atashinda, ukoo mzima utakuwa umeshakuajiri bila mshahara, na lawama zote zitakuwa zako.

Kuhusu masomo sitakawia. Marekani, ambako chama cha wakutubi wa sheria kilianzishwa mwaka 1906, nafasi nyingi za vyuo vikuu zinataka shahada mbili, ya sheria na ya uzamili wa ukutubi. Hapa kwetu wengi niliofanya nao kazi waliingia kwa mlango wa ukutubi na sheria wakaisomea kazini. Mlango huo bado uko wazi. Ila ukipata diploma ya sheria juu yake, ichukue. Mhadhiri wa sheria hukuheshimu kwa namna nyingine akijua unaweza kutofautisha uamuzi wa kesi na maneno ambayo jaji aliyasema njiani tu.

Nije kwenye utafiti, maana ndipo wengi hukwama. Chuo kikikuhesabu katika wafanyakazi wa kitaaluma, kupanda cheo kunataka machapisho. Naona vijana wanaandika "Changamoto zinazokabili maktaba za vyuo vikuu nchini Kenya", dodoso kwa watu mia moja, jedwali za asilimia, na hitimisho kwamba fedha hazitoshi. Tunajua hazitoshi. Usiongeze nyingine. Utafiti wako uko mezani kwako, kwenye yale maswali yanayorudi mpaka unachoka kuyajibu.

Mfano, umati wa watu wanaofika mahakamani bila wakili: wanaipataje sheria, na wanaishia wapi? Hilo unaweza kulisomea kwenye korido za mahakama ya Malindi bila ruzuku ya mtu. Au fuata mgogoro mmoja kwenye nyaraka zake zote. Leseni ya mazingira ya kituo cha umeme wa makaa ya mawe Lamu ilifutwa na baraza la rufaa za mazingira mwezi Juni 2019, kwa sababu kubwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na mwaka 2025 mahakama ya Malindi ikaukubali uamuzi huo. Ripoti ya athari za mazingira ilichapishwa wapi? Kwa lugha gani? Nani Kwasasi, pale kituo kilipopangwa kujengwa, angeweza kuisoma, na kwa siku ngapi? Maswali hayo wanasheria huyagusa na kupita. Ni ya mkutubi, kwa sababu ni maswali ya nani alifikiwa na habari.

Na kama unadhani maktaba za sheria tumeletewa na Mzungu, nenda Riyadha. Msikiti wa Habib Swaleh pale Lamu una miswada ya Kiarabu iliyoandikwa kwa mkono, na ndani yake mna fiqhi ya Kishafii, sheria ambayo watu wa mwambao walihukumiana kwayo. Miswada hiyo ilipigwa picha chini ya mradi wa British Library wa nyaraka zilizo hatarini, ikawekwa mtandaoni. Oktoba 2023 wadukuzi wakaivamia British Library, na kwa miezi mingi picha hazikufunguka. Miswada yenyewe haikuwa imeondoka Lamu. Mtu wa Langoni aliweza kuifikia kwa miguu wakati profesa wa Ulaya ameduwaa mbele ya kioo.

Kupotea kwa vitu mtandaoni ni uwanja mzima wa utafiti katika fani yetu. Watafiti wa Harvard walionyesha, katika makala iliyochapishwa 2014, kwamba karibu nusu ya viungo vya intaneti vilivyonukuliwa katika hukumu za Mahakama ya Juu ya Marekani havikuonyesha tena kile kilichonukuliwa. Kwao ikazaliwa Perma.cc, ya kuhifadhi nakala za kurasa zinazonukuliwa. Kwetu mtu angeweza kuanza na hukumu za mahakama moja tu, Malindi kwa mfano, akabofya kiungo kimoja kimoja aone vingapi vingali hai. Ni kazi ya kuchosha, na ukiifanya vizuri hakuna jarida la fani litakalokuuliza jedwali la asilimia la mtu mwingine.

Sasa kuna hizi programu za akili bandia. Juni 2023 mawakili wawili wa New York, katika kesi ya Mata dhidi ya Avianca, walitozwa faini ya dola 5,000 pamoja na ofisi yao, kwa kupeleka mahakamani kesi ambazo hazikuwahi kuwapo, zilizotungwa na ChatGPT. Tangu hapo kazi yangu imeongezeka. Mwanafunzi huniletea nukuu safi, majina ya Kikenya, mwaka, nambari, na kesi haipo. Ukinieleza wewe mkutubi mchanga kwamba unaweza kuligundua hilo ndani ya dakika chache, na unaweza kueleza uligunduaje, umeshapata nusu ya kazi.

Ukiandika barua ya kuomba atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, basi, usijaze ukurasa kwa "nina hamu kubwa" na "ni mchapakazi". Taja swali moja ambalo mtu alikuuliza kweli, ulilitafuta wapi na wapi, na uliishia kumpa nini. Barua za namna hiyo hazinifikii nyingi. Nikiipata, namwita aliyeiandika wiki hiyo hiyo.