Jibu kwa mama anayeuliza kama kijana aliyemaliza tiba ya mahakama Marekani anaweza kuja Mwanza Desemba

Mama mleta mada, shikamoo. Umesema kijana wako ana grini kadi (kibali cha kuishi Marekani kwa kudumu, ila si raia), alikamatwa na dawa za kulevya huko Marekani, mahakama ikampeleka kwenye tiba badala ya jela, amemaliza na kesi imefutwa. Sasa mnamsubiri Mwanza kwenye harusi ya dada yake, na unauliza kama jina lake limeshasafishika. Nakujibu moja kwa moja: asikate tiketi mpaka mwanasheria wa uhamiaji asome karatasi za kesi yake. Kutoka atatoka vizuri tu. Kazi ipo kwenye kurudi.

Yametukuta nyumbani haya, ndiyo maana naandika kwa urefu.

Waliokujibu hapo juu kwamba kesi ikifutwa imefutwa wako sahihi kwa upande wa jimbo. Lakini Marekani mtu yuko chini ya serikali mbili kwa wakati mmoja: ya jimbo, ambayo ndiyo iliyomshtaki, na ya shirikisho, ambayo ndiyo yenye uhamiaji. Jimbo linaweza kufuta kesi, kulifunga faili lisisomwe na watu, hata kutamka kwamba kukamatwa kule kuhesabiwe hakukutokea. Uhamiaji wao wana kipimo chao, walichowekewa na Bunge mwaka 1996: ukikiri kosa, na hakimu akakupa adhabu au kukubana uhuru wako kwa namna yoyote, kwao umetiwa hatiani. Kesi ikifutwa baadaye kwa sababu umemaliza tiba, wao hawabadilishi hesabu.

Mwenzetu aliyeleta kifungu cha 38 cha Kanuni ya Adhabu yetu, kuachiwa kwa sharti la kutotenda kosa ndani ya muda usiozidi miezi 12, ameeleza vizuri mambo ya kwetu. Ila kwetu mahakama na uhamiaji vyote ni vya Jamhuri moja.

Kwa hiyo muulize kijana leo hii: kabla ya kuingia kwenye tiba, ulikiri kosa au hukukiri? Kila kitu kinaanzia hapo. Pia muulize ni jimbo gani, maana hujalitaja. Mahakama hizi za dawa za kulevya zilianzia Miami mwaka 1989, na kila jimbo limejitungia utaratibu wake. Ohio wana mpango ambao lazima ukiri kwanza, hukumu inasimamishwa, unatibiwa, ndipo kesi inafutwa. New Jersey tangu 2016 hakimu anaweza kumfutia aliyehitimu hata rekodi za nyuma, na kwa raia huo ni ukombozi mkubwa. Kwa mwenye grini kadi, swali la kukiri linabaki palepale.

Mdogo wangu yuko California. Enzi hizo ilikuwa lazima ukiri. Wakili wake alimwambia kiri, hudhuria madarasa, ukimaliza hakuna kitu, na sheria yenyewe ya jimbo iliandikwa hivyo hivyo. Akamaliza. Akatutumia picha ya karatasi ya mahakama kwa WhatsApp, mama akaenda kuichapisha stesheneri ya hapa Nyegezi na kuiweka ndani ya Biblia: namba ya kesi, tarehe, kifungu cha 1000 (ndicho cha mpango wa tiba katika sheria ya adhabu ya California), muhuri kwamba kesi imefutwa. Baba alipofariki, mdogo wangu akataka kuja. Muumini mwenzake wa huko akamsihi apitie kwanza kwa mwanasheria wa uhamiaji. Yule mwanasheria alisoma karatasi ileile na kumwambia kwamba akirudi anaweza kuzuiwa uwanja wa ndege. Hakuja. Baba tulimzika yeye akitazama kwenye simu.

Kilichomwokoa ni kwamba California ilikubali kuwa ilikuwa inawaambia watu jambo lisilo kweli. Kuanzia Januari 2016 kuna kifungu cha 1203.43: aliyekiri chini ya mpango ule wa zamani na akamaliza anaruhusiwa kuondoa kukiri kwake, kwa sababu alikiri kwa taarifa potofu. Sababu hiyo ndiyo yenye nguvu. Bodi ya Rufaa za Uhamiaji iliamua mwaka 2003, katika shauri la Pickering, kwamba hatia iliyofutwa kwa sababu mtu amejirekebisha inaendelea kuhesabika, bali iliyofutwa kwa dosari ya kisheria haihesabiki. Na tangu 1 Januari 2018 mpango wa kifungu cha 1000 haumlazimishi mtu kukiri ndipo apate tiba.

Mdogo wangu anafanya kazi ghalani, simu haziruhusiwi, hivyo mimi ndiye nilikuwa nikiongea na makarani. Majira yao ya baridi, saa mbili na nusu asubuhi kwao ni saa moja na nusu usiku hapa. Karani mmoja akaniambia faili limeshateketezwa kwa sababu ya umri. Nilikata tamaa, kumbe kifungu kilekile kimeliona hilo: kiapo chake pamoja na rekodi yake kutoka Idara ya Sheria ya California vilitosha.

Kwa hiyo kijana achukue mapema nakala zenye muhuri wa mahakama: hati ya mashtaka, kumbukumbu za siku aliyojibu mashtaka, na amri ya kufuta kesi. Azichukue kabla hajaomba faili lifungwe. Fomu ya uraia inauliza hata kesi zilizofungwa au kufutwa, na akijaza "sijawahi kukamatwa" anazua kesi nyingine mpya.

Kama ilikuwa bangi kidogo, asijifariji haraka. Kosa moja la kukutwa na gramu 30 au pungufu za kutumia mwenyewe halimfukuzishi aliye ndani ya nchi, ila mlangoni, yaani anaporudi kuingia nchini, hana kinga hiyo. Na jimbo kuihalalisha hakuiondoi kwenye sheria ya shirikisho.

Ikiwa alikiri, amwulize pia huyo mwanasheria kuhusu uamuzi wa Padilla wa mwaka 2010. Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema wakili wa utetezi ana wajibu wa kumweleza mteja asiye raia kwamba kukiri kunaweza kumfukuzisha. Kama kesi yake ni ya baada ya hapo na hakuelezwa, huenda hiyo ndiyo dosari anayoihitaji.

Mama, ukishapata jina la jimbo na jibu la swali la kukiri, viandike hapahapa tuendelee. Jina lake na namba ya kesi usiviweke.